Zaidi ya Nani?

Siku ile nilifika na Biblia mkononi, na nilikuwa na uhakika na ninachokwenda kusema. Ilikuwa Kadutu, hapa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye kilio cha mtoto wa darasa la pili aliyechukuliwa na malaria kwa siku tatu tu. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, ameweka mapajani shati jeupe la shule, analikunja, analikunjua, analikunja tena. Kifungo cha pili kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi. Nikainama, nikamwambia: "Mama, jikaze. Mungu alimpenda zaidi."

Akainua macho, akaniuliza bila hasira yoyote: "Zaidi ya nani?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Nimekulia kanisani. Tangu Shule ya Jumapili nafundishwa kuchunga ulimi: usitukane, usiseme uongo, usimsengenye jirani. Mafundisho hayo nayashukuru. Lakini neno langu la siku ile wala halikuwa tusi. Lilitoka kwa mtu aliyeamka akaomba, aliyevaa vizuri akapanda mlima kwenda kufariji. Na lilimchoma mama wa watu siku ya kumzika mwanawe. Ndiyo maana nasema sisi waumini tumeshika nusu tu ya somo hili. Tunapima neno kama ni safi, tunasahau kumtazama anayelipokea.

Paulo aliwaandikia Waefeso (4:29): "Neno lo lote lililo ovu lisitoke vinywani mwenu, bali lililo jema la kumfaa mwenye kuhitaji, ili liwape neema wanaosikia." Nimeusoma mstari huo mara nyingi nikifikiri ni wa watu wenye matusi. Kumbe katika Kigiriki alichoandika Paulo, hilo "ovu" ni neno lilelile Mathayo anatumia kwa samaki wabaya wanaotupwa wavu ukishavutwa ufukweni. Neno bovu, basi. Neno lililooza.

Mtu wa Bukavu haelezwi samaki aliyeoza ni nini. Sambaza, wale dagaa wetu, waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sijui nyumba hapa isiyowajua. Wavuvi wanakesha ziwani na taa, alfajiri wanarudi, na saa moja asubuhi beseni la mama muuzaji linang'aa kama fedha. Ikifika saa nane, jua limewaka, nzi wamejaa, naye anajua hana nafasi ya kubembeleza: akaange, aanike, au atupe. Ni sambaza walewale wa asubuhi. Saa ndiyo imewapita.

Na maneno yetu mengi ya kidini yako hivyo. "Mungu ana mpango na wewe" ni neno tamu kwa kijana anayetafuta kazi huku bado ana nguvu. Mpelekee aliyefukuzwa na vita juzi, analala na watoto sita kwenye sebule ya watu, limeshaoza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa maana waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Zile siku saba walikuwa marafiki wa kweli. Walipofungua vinywa wakaanza kumhubiria, na mengi waliyosema ukiyatoa pale yakae peke yake ni mafundisho ambayo ungeyasikia Jumapili na kuitikia Amina. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia.

Lakini lipo neno linalonitisha kuliko hayo ya kilioni, nalo ni hili: "Bwana amenionyesha." Nimemwona binti akiambiwa katika chumba cha maombi kwamba anayemfunga asiolewe ni mama yake mzazi. Hakuna aliyeuliza swali, watu waliitikia tu. Tangu siku hiyo wale wawili hawali sahani moja, na mama anapika chakula chake peke yake nyuma ya nyumba, kwenye babula, jiko dogo la mkaa. Aliyesema alishahama, anahubiri kwingine. Neno lake limebaki linaishi na ile familia. Yeremia sura ya 23 inawasema kwa ukali watu wanaotumia ndimi zao wenyewe kisha wanaongeza "asema Bwana", na mimi naona ukali ule hautoshi. Ukimtukana mtu, anaweza kukujibu. Ukimpiga kwa jina la Mungu, atamlilia nani?

Na haya ya "tumwombee dada yetu, ndoa yake ina shida", ambayo kabla ya Amina yameshafika mtaa wa pili, sitayasemea sana. Kila mtu kwenye shirika lake la kanisa anayajua. Yakobo anasema moto mdogo huwasha msitu mkubwa. Sisi wa Kadutu, tunaoishi katika nyumba za mbao zilizobanana, hatuhitaji msitu ili kumwelewa.

Daktari Denis Mukwege, aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji wa hapahapa Bukavu. Amesimulia mara nyingi jinsi alipokuwa mdogo alivyomfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba, wakatoka. Mtoto Denis akauliza kwa nini hakumpa dawa. Baba akamjibu kwamba yeye kazi yake ni kuomba, dawa ni kazi ya daktari. Nawaza mchungaji yule angeweza kusema nini mengine: kwamba imani yatosha, kwamba mgonjwa amekwisha kupona. Alisema ukubwa wa kile alichokuwa nacho, akaishia hapo. Kijana akaenda kusomea udaktari.

Siku ile ya kilio, baada yangu aliingia bibi mmoja wa jirani. Hakuinama sikioni kwa mtu. Alisema tu, "Pole sana, mwanangu," akavuta babula, akapanga makala, akaanza kumenya ndizi. Mpaka usiku sikumsikia akisema lingine.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa mama yule. Sikubeba Biblia. Nikamwambia: "Mama, siku ile neno langu halikuwa jema. Nisamehe."

Alinitazama kidogo. "Nililisikia, papa," akasema. Kisha akasogeza kigoda. "Keti."

Nikaketi. Tulikaa muda mrefu.