Ndege ya kujiundia Zanzibar: hatari iko kwenye kuunda au kwenye kununua?

Ukitaja ndege ya mtu binafsi hapa kwetu, jibu unalolipata ni moja: huo ni mchezo wa matajiri, na asiyekuwa tajiri akiuiga atakufa. Kuhusu fedha, jibu hilo lina ukweli mwingi, ingawa si wote. Kuhusu kufa, naona tumelishika kombo, na ndiyo sababu ya uchambuzi huu.

Tuanze na bei. Cessna 172 mpya inazidi dola 400,000, na hapo hakuna la kujadili. Lakini pembeni ya soko hilo kuna jingine: ndege za viti viwili, uzito wa kuruka usiozidi kilo 600, ambazo mwenyewe huziunda kwa michoro au kwa vipande vinavyokuja ndani ya sanduku. Marekani jambo hili lina chama tangu 1953, EAA, kilichoasisiwa na Paul Poberezny, na ndege za kujiundia za kampuni moja tu, RV za Van's, zilizokwisha kuruka zinapita 11,000, ingawa nyingi kati yake zinazidi kilo hizo 600. Uingereza ilipandisha kikomo cha ndege nyepesi kufikia kilo 600 mwaka 2021, na Marekani ikalegeza masharti yake ya ndege nyepesi Julai 2025.

Ndege rahisi ya namna hii, ikikamilika na injini mpya, hufika dola 60,000 au zaidi kidogo. Mwalimu wa skuli hawezi kuzitoa. Wakigawana watu sita, kila mmoja anabeba dola 10,000, kiasi ambacho wengi mjini hapa hukitia kwenye gari lililotumika la kutoka Japani, na si lazima kitoke kwa mkupuo kwa sababu mkia, mabawa, kiwiliwili na injini vinaweza kununuliwa kwa nyakati tofauti. Injini inayotumika sana, Rotax 912, inakunywa petroli ya kawaida ya magari, kama lita 18 kwa saa. Mashine ya boti ya farasi 40 ikifunguliwa yote haipishani nayo sana. Tukichukulia lita moja kwa shilingi 3,000, saa ya angani ni shilingi 54,000 za mafuta. Kutoka Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja, mpaka kiwanja cha Pemba ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka, dakika 45 hivi.

Sasa hoja ya kifo. Wanaoipinga hawasemi ovyo, na takwimu wanayoishika ni ya kweli. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilitoa utafiti wake 2012 ikaonesha kwamba ndege zilizoundwa na watu binafsi zilikuwa kama asilimia 10 ya ndege za kiraia zisizo za mashirika nchini mule, lakini mwaka 2011 zilibeba asilimia 21 ya ajali zilizoua. Asilimia 10 ya ndege, asilimia 21 ya ajali zilizoua. Mtu akishasoma hapo hufunga kitabu.

Historia nayo iko upande wao. Mwaka 1934 Mfaransa Henri Mignet aliwapa watu wa kawaida michoro ya ndege ndogo ya bei nafuu, Pou-du-Ciel, na Ulaya ikaingia wazimu wa kuunda majumbani. Vifo vikafuatana. Majaribio ya 1936 ndani ya vyumba vya upepo yakaonesha kasoro ya umbo lenyewe: bawa la mbele na la nyuma yalisumbuana, na ndege ikishainamisha pua chini kupita kiasi rubani hakuwa na njia ya kuinyanyua. Ufundi wa muundaji haukumsaidia kitu. Aliyeipigilia vizuri alikufa sawa na aliyeipigilia vibaya.

Nimekaa sana na ile asilimia 21, kwa sababu ndani ya utafiti ule ule kuna habari ambayo haisemwi. Ajali za ndege hizi mwaka 2011 zilikuwa 224, na zaidi ya nusu zilitokea mikononi mwa watu ambao hawakuziunda. Walizinunua zikiwa zimetumika. Hebu tulitafakari hilo kwa utulivu. Aliyeunda anajua kila riveti iko wapi na kila waya unapopita, na anajua siku gani alichoka akafanya kazi haraka mahali fulani. Anayenunua anapokea kitu ambacho hakuna kingine kama hicho duniani: hakuna kitabu cha kiwanda kinachokieleza barabara, swichi ziko alipopenda mwenye awali, na tabia zake mwendo ukipungua mno mpaka mabawa yakashindwa kuibeba anazijua yule aliyekwisha kuuza akaondoka. Utafiti ulitaja kuharibika kwa injini na rubani kushindwa kuimudu ndege kuwa sababu kubwa, tena hasa mapema, katika saa za mwanzo za ndege mpya na saa za mwanzo za mmiliki mpya.

Kwa hivyo, kwa masikini anayetaka kuruka, njia inayoonekana nafuu kuliko zote, yaani kutafuta ndege ya mtu mwingine iliyochoka kwa dola 20,000, ndiyo iliyobeba zaidi ya nusu ya ajali hizo. Njia ngumu ya kuunda mwenyewe, kwa miaka miwili au mitatu, ndiyo naiona yenye usalama zaidi. Sidai kwamba ina usalama sawa na ndege ya kiwandani, takwimu haziniruhusu. Nadai kwamba hofu yetu tumeielekeza pasipo. Tunamwogopa fundi, na anayestahili kuogopwa ni mnunuzi mwenye haraka.

Na mafundi ndio tulionao. Nungwi watu bado wanaunda majahazi na mashua mchangani, na mafundi wa boti za faiba wako kila pwani. Faiba na gundi ya epoksi ni kazi ile ile inayotumika katika mabawa ya ndege nyingi za kujiundia, ingawa kwenye ndege hakuna kukisia: joto la siku, uwiano wa gundi na uzito wa kila tabaka vyote huandikwa. Hata umiliki wa pamoja si mgeni kwetu, kwani chombo cha uvuvi chenye mwenye mashine, mwenye nyavu na nahodha, kila mmoja na fungu lake, ni mpango ambao babu zetu waliuelewa kabla ya kampuni za hisa. Afrika ya Kusini mwaka 2019 vijana 20 waliunganisha ndege ya viti vinne, Sling 4, kwa wiki tatu hivi, ikaruka kutoka Cape Town mpaka Cairo. Walikuwa na wataalamu wa kiwanda pembeni yao, na hilo lisifichwe. Lakini walikuwa watoto wa skuli.

Wasiwasi mwingine ni bahari, na hapa ni haki kuulizwa. Injini moja, maji chini, utashukia wapi? Mkondo wa Nungwi, kati ya ncha ya kaskazini ya Unguja na kusini mwa Pemba, una upana wa kama kilomita 50. Ndege nyingi nyepesi, injini ikizima, husonga mbele mita 10 kwa kila mita moja inayoshuka. Ukivuka kwa futi 3,000, kama wanavyopenda wengi kwa ajili ya mandhari, una uwezo wa kilomita 9 tu, na sehemu kubwa ya safari hakuna nchi kavu unayoweza kuifikia. Ukivuka kwa futi 8,200, unaweza kusonga kilomita 25 bila injini, na popote utakapokuwa juu ya mkondo kuna ardhi mbele yako au nyuma yako, kama upepo ni mtulivu. Kutoka Kisauni mpaka juu ya Nungwi ni zaidi ya kilomita 50. Ndege ya Rotax inayopanda futi 400 kwa dakika, kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa, inakifikia kimo hicho kabla haijaiacha Unguja. Kusi likivuma, mahali pa kukatia shauri panasogea: anayekwenda Pemba injini ikimzimikia katikati asigeuke kurudi Nungwi, aendelee na upepo. Jaketi la kuokolea livaliwe tangu ardhini. Hii ni hesabu ya kalamu, na anga ya Kisauni ina waongozaji wanaoweza kukukatalia kimo hicho kwa sababu ya ndege kubwa zinazoshuka. Bado inaonesha kwamba bahari inahitaji nidhamu, na nidhamu haiongezi dola kwenye bei.

Wapemba wataulizia kama ndege hizi hazitatumika kwa magendo ya karafuu. Ndege ya kilo 600, ukishatoa uzito wake, mafuta na rubani, inabaki na nafasi ya kama kilo 140. Mwenye nia hiyo ana mashua ya usiku inayobeba tani.

Mahali ambapo hoja za wapinzani zinanishinda, au karibu, ni saa za majaribio. Marekani ndege mpya ya kujiundia kwa kawaida huruka kwanza saa 25 au 40 bila abiria, mbali na makazi. Unguja utayapata wapi hayo? Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, wengi wao kwenye kisiwa hiki kimoja, na njia ya kurukia ya Kisauni ni moja, yenye majeti ya watalii na ndege ndogo za abiria za Caravan zinazopishana mchana kutwa. Kujaribu juu ya bahari ni kumpa rubani hatari mbili kwa pamoja. Naona jibu la kweli ni kwamba ndege iundwe hapa, ifunguliwe mabawa, ivushwe kwa meli na ijaribiwe bara, kwa mfano Tanga, kisha irudi kwa mabawa yake ikishakamilisha saa. Gharama inaongezeka, na iongezeke.

La sheria linakwenda huko huko. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo Baraza la Wawakilishi haliwezi kulitungia sheria. Mlango ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ndege itabeba herufi za 5H kama nyengine zote za Tanzania. Tena ndege ya kujiundia huwa haina cheti kamili cha kimataifa cha ubora wa kuruka, na chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944 haina haki ya moja kwa moja ya kuingia anga ya nchi nyingine. Anayeota kwenda nayo Mombasa ajue ataomba ruhusa ya Kenya.

Kinachoweza kuombwa TCAA kina mfano. Waingereza, baada ya msiba wa Pou-du-Ciel na baada ya vita, hawakuacha kuunda. Mwaka 1946 walianzisha chama ambacho leo ni Light Aircraft Association, na mamlaka yao ya anga ikakikabidhi kazi: wakaguzi wa chama hukagua ndege hatua kwa hatua, kabla bawa halijafunikwa, na kibali cha kuruka huhuishwa kila mwaka. Michoro isiyopitishwa haiundwi. Hapo ndipo ilipojibiwa kasoro ya Mignet, ambayo fundi peke yake asingeiona. Sisi tuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam, kinachofundisha matengenezo ya ndege, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia hapa Mbweni. Mkaguzi mmoja aliyeidhinishwa, anayevuka kuja kuangalia kazi mara nne katika mwaka, angegharimu kikundi cha watu sita kidogo kuliko propela.

Kikundi cha kwanza kianze na mkia, maana ndiyo sanduku la bei ndogo kuliko yote, na mkaguzi auone kabla ya shilingi ya pili kutoka. Mkia ukikataliwa, watu sita watakuwa wamepoteza fedha za kuvumilika, na hakuna atakayekuwa amepanda kitu.