Asiyeamini akinyamaza mazishini

Padre anasema "Tuombe." Watu wanainamisha vichwa, ila mwana mmoja wa marehemu, aliyeacha kuamini tangu akiwa chuoni, anabaki kimya akitazama mbele. Hasali, haitikii amina. Jioni mashangazi wanaulizana: kiburi gani hiki, mbele ya maiti ya babake? Hapa Kenya maneno ya namna hii huweza kudumu kuliko matanga yenyewe.

Mashangazi wana hoja. Amina ya kaburini si lazima iwe tangazo la imani. Mara nyingi ni namna ya kumwambia mjane kwamba hayuko peke yake. Anayeinyima huonekana kamnyima mjane. Wapo wasioamini wanaolielewa hilo, wakaitikia kila kitu kwa ajili ya mama, nami siwaiti wanafiki.

Lakini huyu aliyenyamaza amehukumiwa bila kusikilizwa. Mimi ni Mkatoliki, na kanisani kwetu tumewazoea wasioshiriki. Wakati wa komunyo, waliooana bila ndoa ya kanisa hubaki wameketi huku majirani wakiwapita kwenda altareni, na hakuna anayewauliza kitu. Tunasema wanaiheshimu sakramenti. Kwa Waislamu, sala ya maiti ni faradhi kifaya: wakiisali baadhi, wengine wamesamehewa. Jirani asiye Mwislamu husubiri pembeni, kisha anafuatana nao makaburini. Basi kunyamaza kwa muumini kukiwa heshima, kwa asiyeamini kunageukaje dharau? Naye anakataa kutamka asichokisadiki mbele ya watu wanaokisadiki. Na mara nyingi ndiye huyo huyo aliyekesha na kamati ya mazishi, akafuatilia michango ya M-Pesa, akaenda kuuchukua mwili mochari.

Hasira, naamini, inatokana na kushtukizwa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 922,128 wasio na dini. Ile ya 2019 ikahesabu 755,750, ilhali Wakenya walikuwa wameongezeka kutoka kama milioni 38.6 hadi milioni 47.6. Ukizisoma tarakimu hizo haraka utasema wasioamini wanapungua. Mimi nina shaka kubwa. Karani wa sensa akifika nyumbani, kwa kawaida mtu mmoja hujibu kwa niaba ya kaya nzima. Baba akiulizwa dini ya wanawe, atataja kanisa alikowabatizia, na wala hatakuwa anadanganya, kwa kuwa hajawahi kuambiwa vinginevyo. Mwana wetu wa mazishini huenda alihesabiwa miongoni mwa Wakatoliki. Kwa hiyo familia hupata habari siku ya mazishi, siku mbaya kuliko zote za kupewa habari kama hiyo, na uchungu wa msiba unamwangukia yeye. Ibara ya 32 ya Katiba inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake, lakini nani atamsomea shangazi Katiba matangani?

Mazungumzo hayo yangefaa kufanyika mapema, nyumbani, kabla hajafa mtu. Na mwenyekiti wa kikao cha kamati angeuliza nani yuko tayari kufungua kwa maombi, badala ya kumtaja kifungua mimba mbele ya ukumbi mzima.

Mahali ambapo siyumbi kabisa ni ubatizo. Msimamizi huulizwa, kwa kinywa chake mwenyewe, kama anamkataa Shetani na kama anamsadiki Mungu. Hapo hakuna kujificha ndani ya sauti ya umati. Sheria ya Kanisa yenyewe inataka awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na anayeishi imani hiyo. Bado familia humshinikiza mjomba asiyeamini awe msimamizi kwa sababu ana kazi nzuri, na akikataa anaitwa mchoyo. Mjomba huyo anaweza kumlipia mtoto karo hadi chuo kikuu bila kula kiapo hicho.