Aliyeacha unga si maonyesho ya kutishia wanafunzi

Katika maadhimisho ya Juni 26 mwaka huu, siku ya kupiga vita dawa za kulevya, kwenye shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam, kijana aliyealikwa kuwasimulia wanafunzi jinsi alivyoacha unga, yaani heroini, hakuwa amefika mbali na maelezo yake pale mshereheshaji alipochukua kipaza sauti na kumwambia akunje mikono ya shati ili watoto waone. Akakunja. Wanafunzi wa mbele wakainuka kuchungulia, ukumbi ukaguna, na mwalimu mmoja akasogea na simu kupiga picha ya mkono wake. Nilikuwa nimeketi upande wa wazazi, na hasira niliyotoka nayo pale haijapoa.

Kijana huyo ni wa mtaani kwetu, na asubuhi ile tulipanda naye daladala moja. Alikuwa ameamka kabla ya shughuli nyingine yoyote ya mtaa kuanza, akapitia kwanza kiliniki kunywa methadoni yake, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwa sababu yeye huinywa kila siku mbele ya muuguzi na hana ruhusa ya kusema leo nina wageni. Njiani akanieleza alichopanga kusema. Alitaka kuanzia kidato cha pili, baba yake alipofariki wakati ambapo ada ya sekondari ilikuwa bado inalipwa, naye akaacha shule akawa mpiga debe stendi. Alitaka kuwaambia kuhusu kaka mmoja wa pale stendi aliyemlisha, akampa pa kulala, kisha akamzoesha kuvuta msokoto wa jioni ambao yeye aliudhani ni bangi tupu. Siku aliyoukosa ndiyo aliyogundua kwamba ulikuwa kokteli, bangi iliyochanganywa na unga: viungo vikauma, kamasi zikamtoka, tumbo likavurugika, na yule kaka akamwambia bila wasiwasi wowote, "Hiyo ni arosto, utazoea." "Dada," akaniambia, "mimi sikuamua kuanza unga. Nilikuwa naogopa kumkatalia mtu aliyenipa chakula. Hilo ndilo nataka walisikie."

Hawakulisikia. Waliona makovu.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha hoja yangu. Mtu aliyepita katika uraibu akatoka ana maarifa ambayo hakuna daktari wala ofisa wa polisi anayeweza kuwa nayo, na maarifa hayo yako katika miezi ile ya mwanzo, kabla ya sindano, kabla ya wizi wa nyumbani na kabla ya kulala barazani. Yako katika namna mtu mzima anavyomkaribia mtoto mwenye njaa, maneno anayotumia, saa anazomtafuta, na jinsi ilivyo vigumu kukataa zawadi ya mtu unayemtegemea. Haya mtoto wa miaka 15 anaweza kuyatambua katika maisha yake mwenyewe kesho yake. Kovu la sindano hawezi kulitambua popote, kwa kuwa halifanani na chochote kilicho mbele yake. Kilicho mbele yake ni pombe kwenye sherehe ya binamu, shisha ya Jumamosi, bangi nyuma ya uwanja wa mpira. Na kwa wale waliowatangulia, kilikuwa viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ya pipi mpaka vilipopigwa marufuku Machi 2017. Ukimwonyesha mtoto kama huyo mkono uliotobolewa, anajipima haraka na kujiona salama. Baada ya shughuli niliwasikia wavulana kwenye bomba la maji wakiapizana kwamba wao sindano hawataigusa, na niliwaamini kabisa. Lakini mmoja wao ninamfahamu, na ninafahamu anachokivuta.

Kisha kukatokea swali ambalo hutokea kila mara mtu wa namna hii anaposimamishwa mbele ya umati. Msichana mmoja alinyoosha kidole akauliza, "Mara ya kwanza ulijisikiaje?" Kijana wetu hajui kusema uongo kuhusu maisha yake, kwa hiyo akajibu kwamba alijisikia vizuri sana, kwamba mawazo yote ya msiba wa baba yake yaliondoka usiku ule. Kabla hajaendelea, mwalimu akamkatisha, akashukuru, akaita kwaya. Wanafunzi zaidi ya mia wakabaki na jibu lile nusu. Kijana hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa amekaa naye siku moja kabla kumwandaa kwa swali ambalo lazima lingeulizwa, wala kumsaidia kupata maneno ya kufikisha nusu ya pili, yaani jinsi nafuu ile ilivyofupika wiki baada ya wiki mpaka akawa anavuta ili tu aweze kusimama.

Wala hili si wazo langu la hasira tu. Viwango vya kimataifa vya kinga dhidi ya matumizi ya dawa za kulevya, vilivyotolewa na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, mwaka 2013 na kuhuishwa pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, vinataja wazi kwamba miongoni mwa mambo yanayoambatana na programu za shule zisizofaa, au hata zenye madhara, ni mihadhara mitupu, habari za kutisha, na ushuhuda wa watu waliowahi kutumia dawa. Marekani nayo ilipeleka polisi madarasani kupitia programu ya D.A.R.E., iliyoanzia Los Angeles mwaka 1983 na kupendwa sana na wazazi, na tafiti zilipokuja kuwafuatilia wanafunzi zikaonyesha kwamba matumizi yao hayakupungua kwa kiasi cha maana. Kinachosaidia kimeandikwa humo humo: vipindi vinavyofuatana, wanafunzi wakishiriki na kufanya mazoezi ya kukataa, kuamua na kukabiliana na msongo, chini ya mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Nakiri kwamba ushuhuda una kazi yake, na mahali pengine hauna mbadala. Mwanamuziki Ray C alipojitokeza hadharani mwaka 2012 kumshukuru Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, kwa kumsaidia kupata matibabu, familia nyingi zilizokuwa zimemficha mtoto wao chumbani zilisikia kwamba tiba ipo, na kwamba ipo hospitali ya Muhimbili, ambako huduma ya methadoni ilianza Februari 2011 na baadaye ikafika hadi Dodoma, Mwanza, Mbeya na Tanga. Waelimishaji rika wanaoingia maskani asubuhi kumtafuta mtu na kumsindikiza hadi dirisha la dawa wanasikilizwa kwa sababu wao wenyewe waliwahi kulala pale. Mbele ya mtu ambaye tayari anatumia, na mbele ya mama yake, maisha yao ni sifa ya kazi. Mbele ya mtoto ambaye hajaanza, maisha hayo hayo yanahitaji mafunzo kwanza.

Yapo pia madhara kwake yeye, ambayo sijawahi kusikia yakizungumzwa kwenye kikao chochote cha maandalizi. Kijana wetu alinieleza kwamba usiku wa siku aliyosimulia ndio mgumu kuliko usiku mwingine wowote, kwamba ukitaja kete na kijiko mchana kutwa mwili nao unakumbuka, na kwamba aliwahi kupitiliza kituo cha nyumbani kwake akajikuta anatembea kuelekea kijiwe cha zamani. Alimpigia simu mwenzake wa kwenye nyumba ya upataji nafuu, akaja kumchukua. Waliomwalika siku ile hawakumpigia hata kuuliza kama amefika. Picha yake, akiwa na jina lake kamili, ilikuwa tayari imesambaa kwenye makundi ya simu ya wazazi, akiwamo mwenye nyumba anayempangisha.

Mgeni rasmi alipewa posho. Walimu waliosimamia walipewa posho. Kijana alipewa soda, fulana na makofi, kisha akaniomba nauli ya kurudi.

Nimewasilisha mapendekezo kwenye bodi ya shule kwa maandishi. Nimeomba arudi muhula ujao, aingie mkondo mmoja mmoja na si ukumbini, akae na mwalimu wa ushauri na unasihi wapange pamoja vipindi vinavyofuatana, aanzie stendi na si kwenye sindano, na sehemu kubwa ya muda wanafunzi wafanye mazoezi ya kumkatalia mtu wanayemheshimu. Nimeomba pasiwe na picha bila ridhaa yake, na awepo mtu wa kuzungumza naye jioni ya kila kipindi. Haya yote yamekubaliwa. Kilichokwama ni malipo yake, kwa sababu wajumbe wawili wanaona kwamba mtu anayesimulia maisha yake anafanya hivyo kwa kujitolea. Nimewaandikia tena kwamba anayefundisha hulipwa, na kwamba bila malipo hayo sitashiriki kumshawishi aje.