Hamisi, Hebu Lipa

Nimerudi saa nne usiku, hesabu ya tajiri imepelea elfu saba, miguu inawaka moto. Nafungua mlango, namkuta Zuhura kajaza meza madaftari. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili huo unakuja, na mama yake kalala kitambo.

"Baba, niulize kemia."

Mimi? Kemia niliachana nayo kwa F moja nene ambayo mpaka leo marehemu mama hakuwahi kuiona.

"Wewe soma swali tu, baba, majibu yapo pembeni."

Haya. Sodiamu, alama yake nini?

"Na."

Nikasubiri. Kimya.

"Na nini?"

"Na tu, baba."

"Wewe mtoto, huwezi kusema 'na' ukaishia hapo. Na nini?"

Kumbe ndilo jibu lenyewe. Ati ni natriumu, Kilatini. Potasiamu nikajua hiyo P, hainipiti. Wapi! P kashapewa fosforasi, potasiamu kapewa K. Basi kaboni ndiyo ingekuwa K? Nayo ni C. Chuma, ambacho hata mpiga debe anakijua, kinaandikwa Fe. Hebu nenda kasajili laini ya simu jina Sodiamu, kitambulisho kinasema Na, uone kama hujarudishwa.

Na elementi zenyewe ziko 118! Nikamuuliza anazishikaje. Akaangalia chini. Nikamkazania, akasema zile kumi za mwanzo wana sentensi yao: "Hamisi, hebu lipa bei bila chenji na ondoka fasta, nenda." Hidrojeni, heli, lithi, beri, boroni, C ya kaboni kwenye chenji, nitrojeni, oksijeni, florini, neoni.

"Hamisi yupi huyo?"

Kimya tena.

"Darasa zima mnaisema?"

"Na kidato cha kwanza pia, baba."

Miaka 14 ya ukonda, nimesomesha kwa sarafu, malipo yake nimekuwa hidrojeni.

Lakini ikafika mada ya elektroni, vile vichembe vinavyozunguka ndani ya atomi, hapo nikavuta kiti. Maana atomi ni Kosta, hawajataka kusema tu. Sheli, yaani tabaka la elektroni, ya kwanza ina siti mbili, kama zile za pembeni kwa dereva. Ya pili siti nane. Sodiamu ana abiria 11: wawili, wanane, halafu mmoja ananing'inia mlangoni, na gari zima linataka ashuke. Klorini ana 17: wawili, wanane, saba. Siti moja iko wazi. Huyo ndiye konda mwenzangu, "mmoja, bado mmoja, twende!", na hagongi bodi mpaka ampate. Anamchukua yule wa sodiamu, kila mtu anatulia, inapatikana chumvi. Chumvi hii ya mchicha! Wakati sodiamu peke yake inafichwa kwenye mafuta ya taa kwa sababu ikigusa maji ni balaa, na klorini ni hewa ya sumu.

"Na argoni?" nikauliza, sasa bila kuangalia daftari.

"Wawili, wanane, wanane."

"Leveli siti. Huyo hasimami kituo chochote."

Zuhura akaniangalia kama vile nimeokota noti. Tukalala saa saba.

Asubuhi kituoni, wanafunzi kama kawaida wamejaa, na mimi kama kawaida nimeziba mlango kwa mkono. Msinilaumu. Nauli ya mwanafunzi shilingi 200, na tajiri haniulizi nimebeba akina nani, ananiuliza ziko wapi.

"Tumejaa, tumejaa! Argoni hii!" Likanitoka lenyewe.

Katoto kamoja, begi kubwa kuliko mgongo, kakachungulia chini ya kwapa langu, kakahesabu siti kwa kidole.

"Konda, pale nyuma pako wazi. Hiyo klorini."

Dereva akaanza kucheka. Nikatoa mkono. Kakapita, kakakaa, kakaniwekea kiganjani sarafu ya 200.

"Bila chenji, Hamisi."