Msiitupe holmkwistiti

Inaniuma kila ninapoona mwamba mweusi wa kando ya pegmatiti (mwamba wa fuwele kubwa uliotokana na magma) umeandikwa "amfiboli" tu kwenye daftari la uchorongaji, basi, imetoka. Amfiboli ni ukoo mkubwa wa madini. Humo yumo mmoja adimu ambaye mtafuta lithiamu angepaswa kumsaka kwa udi na uvumba.

Ni holmkwistiti. Ilielezwa mwaka 1913 kutoka Utö, kisiwa cha Uswidi katika visiwa vya Stockholm, ikapewa jina la mwanajiolojia Per Johan Holmquist. Kutoka kisiwa hichohicho ndiko ilikotoka petaliti, madini ambamo Johan August Arfwedson aligundua lithiamu mwaka 1817. Holmkwistiti imepatikana pia Kings Mountain huko North Carolina, Barraute huko Quebec, na Greenbushes, Australia Magharibi. Kote huko kuna pegmatiti za lithiamu, na sababu ipo.

Pegmatiti inapoganda, vimiminika vya moto vyenye lithiamu huvuja na kuupenya mwamba jirani. Mwamba huo ukiwa na magnesiamu na chuma kwa wingi, hornblendi iliyokuwamo, yaani amfiboli ya kawaida yenye kalisi, hubadilika kuwa holmkwistiti: kalisi inatoka, lithiamu inaingia. Kwa hiyo usiitafute katikati ya pegmatiti. Itafute nje ya mpaka wake, palepale ambapo wengi huwa wameshaacha kuchukua sampuli. Hata pale pegmatiti yenyewe imefukiwa chini, holmkwistiti iliyo juu inakuonyesha kwamba lithiamu imepita hapo.

Shika kipande juani ukigeuze taratibu chini ya lenzi. Utaona vijiti vyembamba kama sindano vimelaliana, zambarau ikizama kwenye buluu. Hornblendi weusi wake huelekea kijani. Ukishazitazama zote mbili pamoja mara moja, jicho halisahau, ingawa glaukofani, amfiboli nyingine ya buluu, inaweza kukuchanganya na maabara ndiyo itakayoamua.

Nasisitiza jicho kwa sababu kifaa cha eksirei cha mkononi, ambacho siku hizi kila kambi inakitegemea, hakiioni lithiamu. Atomu yake ni nyepesi mno. Unaweza kukielekeza kwenye holmkwistiti safi kikakutajia chuma na silika, lithiamu kisiiguse kabisa, na sampuli ikaishia kwenye rundo la kifusi.