Mtu Aliye Ndani ya Dude

Katika picha ya sinema ya Marekani ya mwaka 1953 iitwayo Robot Monster, kiumbe wa sayari nyingine anayekuja kuwaangamiza binadamu ni mtu aliyevaa nguo ya gorila na kofia ya mzamiaji. Picha nzima ilipigwa kwa siku nne, na gharama yake hutajwa kuwa takriban dola 16,000. Mwalimu mwenzangu hapa Mtwara, tulipoitazama pamoja nyumbani kwangu, alistahimili nusu saa, kisha akauliza bila utani wowote ni kitu gani kinachomfanya mtu mzima mwenye akili timamu akae kitako kutazama upuuzi ulio wazi namna hii. Swali lake ni la haki, na tunaozipenda picha hizi za viumbe wa anga zilizotengenezwa kwa fedha kidogo tumezoea kulijibu vibaya kwa kusema tu kwamba zinachekesha.

Kama jambo lenyewe lingekuwa kicheko peke yake, mwenzangu angekuwa ameshinda. Kumcheka mtu aliyejaribu akashindwa si burudani ya kujivunia, na historia ya mapenzi haya ina kicheko kingi cha aina hiyo. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Kimarekani, Harry na Michael Medved, walitoa kitabu kilichoitawaza picha ya mwongozaji Ed Wood, Plan 9 from Outer Space, kuwa mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, na tangu hapo watu wengi huiendea wakiwa wamekwisha kuamua wacheke wapi. Linaloniuma zaidi ni pale kicheko hicho kinapoelekezwa kwetu. Filamu ya Ghana ya mwaka 2010 iitwayo 2016, ambamo viumbe wa anga wanaivamia nchi hiyo, ilienea mitandaoni kwa kionjo chake, na sehemu kubwa ya walioisambaza ng'ambo walikuwa wakiburudika kwa umaskini wa michoro yake ya kompyuta. Mwenzangu huuliza kama mtazamaji wa namna hiyo anaipenda filamu au anaupenda uduni wa Mwafrika, na sina jibu la kumnyamazisha.

Hata hivyo nadhani anakosea anapodhani kwamba dude lisiloficha kuwa ndani yake mna mtu limeshindwa kazi yake. Sisi wa kusini, kuliko wengi, tulipaswa kulielewa hilo bila kufundishwa. Lipiko la Wamakonde ni kinyago cha mti mwepesi kinachovaliwa kichwani kama kofia, kikiinamishwa hivi kwamba mchezaji huona kupitia mdomo wake, na mwili wote hufunikwa nguo. Kila aliyekwisha kupita jandoni anajua kwamba ndani yake mna mtu, pengine jirani yake, na huenda anamtambua kwa hatua zake. Lipiko linapoingia uwanjani ngoma inakolea na watoto wanakimbia, na huyo anayejua siri naye anarudi nyuma hatua mbili. Hajadanganyika, ameingia katika mapatano, naye ana sehemu yake ya kutimiza ili dude liwe dude.

Nilipomweleza haya, mwenzangu alinijibu kwamba mchongaji wa lipiko ni fundi, ilhali aliyemvika mtu kofia ya mzamiaji ni mvivu. Kuhusu ufundi yuko sahihi, lakini mimi nilikuwa nikizungumzia mapatano. Tena hata kuhusu ufundi ipo hesabu moja ambayo kila nikiirudia naona inamtatiza.

Mwaka 1974 ilitoka picha ya Dark Star, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, John Carpenter na Dan O'Bannon, na iliyogharimu takriban dola 60,000. Kiumbe wa anga aliyemo ni mpira wa ufukweni, ule wa kupuliza, uliowekewa miguu. Watu walinyamaza pale palipotakiwa kicheko, na O'Bannon akaamua kwamba, ikiwa hawezi kuwachekesha, basi atawatisha. Akaandika upya wazo lile lile la wafanyakazi waliochoka ndani ya chombo wakisumbuliwa na kiumbe aliyepanda nao, na mwaka 1979 likatoka kwa jina la Alien, kwa gharama ya takriban dola milioni 11. Ukigawanya, unapata zaidi ya mara 180. Nimejiuliza mara nyingi fedha zote hizo zilinunua nini. Wazo hazikulinunua, maana lilikuwapo tangu kwenye mpira. Wala hazikumwondoa mtu ndani ya dude: ndani ya kiumbe yule wa kutisha alikuwamo kijana wa Kinigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa usanifu wa michoro aliyekutwa katika baa ya London, mwenye urefu wa futi 6 na inchi 10. Fedha zilinunua giza, yaani mandhari, ute, moshi na taa za kumfanya Badejo aonekane kwa nukta chache tu kila mara. Giza hilo lina thamani yake na siwezi kulibeza, maana lilinikosesha usingizi. Lakini linamfanyia mtazamaji kazi yote, ilhali mpira wa ufukweni unamwachia nusu.

Nusu hiyo ndiyo iliyokuwa ikijazwa katika mabanda ya video. Waliokulia humo wanakumbuka kwamba picha haikuwa inatazamwa tu, bali ilikuwa inatafsiriwa na mtu mwenye kipaza sauti, kwa ufundi ule uliompa jina Lufufu wa Dar es Salaam, naye aliongeza chumvi kadiri alivyoona inafaa. Katika banda moja la huku niliwahi kumsikia mtafsiri akieleza kwamba lile dude la kijani lililoshuka kutoka angani limekuja kuulizia malipo ya pili ya korosho, yale waliyokuwa wakiyasubiri wakulima. Picha iliyokamilika kila kona isingempa nafasi hiyo. Sote tulijua kuwa steringi hafi, lakini tulipiga kelele kumwonya kana kwamba angeweza kufa, kwa sababu kelele zile zilikuwa sehemu ya picha.

Namwachia mwenzangu jambo moja bila ubishi, nalo ni picha zinazotengenezwa mbaya kwa makusudi. Susan Sontag, mwandishi wa Kimarekani, katika insha yake ya mwaka 1964, alikwisha kutofautisha kichekesho kinachotokana na moyo mweupe na kile kinachojikonyeza, akaona cha kwanza ndicho halisi. Sharknado ya mwaka 2013, yenye kimbunga kinachobeba papa, inajikonyeza tangu jina lake. Haimwachii mtazamaji kitu cha kujaza, kwani imekwisha kujicheka yenyewe kabla yake.

Ipo pia hofu kwamba kuzisifu picha hizi ni kuwapa vijana wetu wenye kamera ruhusa ya kulipua kazi. Sioni hivyo. Roger Corman, mtengenezaji filamu wa Kimarekani aliyepiga sehemu kubwa ya The Little Shop of Horrors kwa siku mbili na usiku mmoja, alikuwa bahili mashuhuri, na katika kiwanda chake James Cameron, aliyekuja kuongoza Titanic na Avatar, alijifunza kujenga vyombo vya angani kwa vitu visivyo na thamani. Na tusisahau (nalisema hili kwa ajili ya ndugu zetu wa Lindi) kwamba hata dude letu la kweli, mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913 na anayesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, ameungwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, na mapengo yakajazwa plasta.

Kabla hatujaachana nilimweleza mwenzangu kwa nini roboti yule wa Robot Monster ni gorila. Mtengenezaji hakuwa na fedha za vazi la roboti, lakini alimfahamu mwigizaji, George Barrows, aliyekuwa na nguo yake mwenyewe ya gorila na ambaye kazi yake ilikuwa kuivaa. Kilichobaki kilikuwa kofia tu. Mwenzangu alikaa kimya kidogo, kisha akaomba turudishe nyuma amtazame tena gorila yule anavyopanda kilima.