Jeni ya selimundu haijakarabatiwa
Mwandishi wa makala yenu anasema tiba mpya ya selimundu (ugonjwa wa kurithi ambapo chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu), Casgevy, "inakarabati jeni mbovu". Hapana, jeni hiyo inabaki vilevile. Kinachokatwa ni kipande cha DNA kinachoiwasha jeni nyingine, BCL11A, katika seli zinazotengeneza chembe nyekundu. BCL11A ndiyo huizima, baada ya kuzaliwa, himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya mtoto aliye tumboni. Ukiipunguza nguvu, himoglobini ile inarudi na chembe hazijikunji ovyo kuwa mundu.

Sisi wazazi tunaouguza tuliliona hili kwa macho. Mwanangu alizaliwa mzima, ananyonya, anacheka. Alipofikisha miezi minane vidole vikavimba kama ndizi sukari, akawa hashikiki, ukimgusa tu mkono analia. Zahanati ya kwanza wakasema kaumwa na mdudu! Kumbe himoglobini ya tumboni ndiyo ilikuwa inamwishia.

Uingereza waliidhinisha tiba hii Novemba 2023, Marekani Desemba. Bei yake kule ni dola milioni 2.2, na kabla yake mgonjwa anapewa kemotherapia kali ya kuusafisha uboho. Haidroksiyurea nayo huipandisha himoglobini hiyohiyo, tena ni kidonge cha kumeza nyumbani. Mhariri, naomba mwandike kuhusu hicho. Mwezi uliopita nilizunguka maduka manne ya dawa nikakikosa.